Mwanzo wa Kikapu

Kitulo ni pazuri kwa maua na kwa ng'ombe, sikatai, lakini mtu wa Lindi hakuumbiwa baridi ile. Nilishuka garini asubuhi nimevaa masweta mawili na mtandio shingoni, na bado meno yaligongana. Begani nilikuwa na sanduku la kazi, lenye kofia, chupa na nyaya zake. Sanduku lenyewe si zito. Lililonielemea ni neno la mkurugenzi wangu, Nkwabi, aliyenipigia simu njia nzima kutoka Iringa akilirudia lile lile.

"Somoe, usirudi bila ile galaksi."

Kwenye uzio alinipokea mwanamke wa rika langu, buti za mpira miguuni, ndoo ya maziwa mkononi. Nikamwambia "Kamwene", salamu niliyofundishwa na dereva na niliyoifanyia mazoezi tangu Makambako.

"Kamwene," akajibu bila kutabasamu. "Mimi Subilaga, mjukuu wa Bibi Twilumba. Wewe ndiye mchotaji?"

"Ndiye mimi."

"Karibu, chai ipo. Ila nikwambie mapema, mimi sijakubali."

"Dada, sheria haikuulizi wewe. Inamuuliza yeye."

"Sheria haimpikii uji. Ninayempikia ni mimi."

Hapo alinibana. Nikamfuata hadi nyuma ya nyumba, ambako Bibi Twilumba Sanga alikuwa ameketi juani na fungu la milulu mapajani, anasuka kikapu. Nilikuwa nimemwona kwenye picha nyingi, lakini picha hazikuonyesha mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda kwa uzee na bado vilikwenda bila kuangaliwa, kama kuku wanaojua njia ya bandani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mashine?" Akanipima kutoka utosini hadi viatuni. "Mbona mwembamba? Huko kwenu hawali?"

"Tunakula, Bibi. Ni mwili tu."

"Mwili hausemi uongo," akasema, akarudi kwenye milulu yake. Juu yetu Dari ya vioo iling'aa, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Usiku ingegeuka rangi ya chai na isingezimika mpaka asubuhi. Vioo vile vilipandishwa angani ili viikinge dunia na jua kali, na haki yao nawapa waliovipandisha: mvua zilirudi, mahindi yakarudi. Ila mimi nina umri wa miaka thelathini na sita na sijawahi kuona nyota.

*

Kazi yangu ni kuchota kumbukumbu. Watu hudhani tunanakili. Hatunakili. Kumbukumbu ni uzi uliosukwa ndani ya mtu, na kofia yetu huusoma kwa kuuvuta. Ukimaliza kuusoma umekwisha kuung'oa. Uzi unaingia kwenye chupa ukiwa mzima, na mwenyewe anabakiwa na pengo asilolijua, maana hakumbuki kwamba pale palikuwa na kitu. Wamejaribu kuurudisha kwa mwenyewe, kichwa chake kikaukataa kila mara. Lakini mtu mwingine yeyote akivaa kofia iliyounganishwa na chupa ile, anaona, anasikia, anahisi baridi hadi kwenye kucha, kama vile yeye ndiye aliyekuwepo.

Kwa nini Nkwabi aliihitaji ya Bibi Twilumba? Kwa sababu ya watoto. Alikuwa anajenga Ukumbi wa Nyota, na alikuwa na picha za kutosha kutoka darubini zilizo nje ya Dari. Siku moja aliwaonyesha wanafunzi galaksi moja nzuri ajabu, na binti mmoja wa darasa la nne akasema, "Hiyo hata simu ya mama inachora." Darasa zima likacheka. Nkwabi alikuja kazini siku hiyo kama mtu aliyefiwa. Watoto wa sasa hawaamini picha, na sijui niwalaumu kwa lipi, maana mashine huchora chochote unachotaka na usichotaka. Kitu ambacho mashine haijaweza kuiga ni kumbukumbu ya mtu. Ukiivaa, mwili wako unajua.

Na kati ya Watazamaji wa Kitulo, wale waliotazama nyota kabla Dari haijafungwa, aliyebaki hai alikuwa mmoja tu. Kwenye kila kitabu cha shule kuna mchoro wa ile galaksi waliyoiita Mwanzo wa Kikapu, na chini yake maandishi haya: umechorwa na Twilumba Sanga, usiku wa mwisho kabla ya ukungu. Sisi sote tuliosoma vitabu vile tulijua maana yake. Huyu bibi aliiona kwa macho yake.

Kabla ya kuchota kuna Sheria ya Shibe. Zamani, kazi hii ilipoanza, watu waliuza kumbukumbu zao kwa njaa, na mwenye njaa hukubali lolote. Kwa hiyo sasa mchotaji hawezi kumuuliza mtu swali mpaka wamekula pamoja, chakula cha moto kilichopikwa ndani ya nyumba ile, na mtoaji amesema kwa kinywa chake kwamba ameshiba. Wachotaji wengi huiona sheria hii usumbufu. Mimi naipenda, na si kwa sababu ya chakula tu.

Subilaga alipakua viazi vya kuchemsha, maharage na maziwa ya mgando. Mchoro wenyewe, ule wa asili, ulikuwa ukutani juu ya meza, umekuwa wa kahawia kwa moshi wa miaka. Kitone kizito katikati, na misuko miwili inayotoka na kulegea kuzunguka kitone.

"Nyie mnadhani tuliigundua sisi," Bibi alisema huku akimenya kiazi chake. "Mashine zilikuwa zimeshaipa nambari zamani, doa moja kati ya madoa. Lakini kuhesabiwa siyo kutazamwa. Hakuna mtu aliyekuwa amepoteza hata dakika moja kuiangalia. Tulisikia Dari inafungwa, tukasema tuwahi kuaga. Walimu, wakulima, mkunga mmoja. Tukasugua kioo kwa mikono mpaka kikawa darubini."

"Nani aliwafundisha kuchora?"

"Asangwile, mume wangu. Alisoma habari za watu wa kale, huko Ulaya, kabla ya kamera. Walipanda ngazi kwenye darubini kubwa, wakaona wingu limejizungusha, wakalichora kwa penseli. Hawakujua ni nini. Wengine walisema ni moshi, wengine wakasema ni jua linazaliwa. Hata miaka mingi ilipopita, hawakujua kwamba ni nchi nzima ya nyota, mbali hata hesabu inachoka. Asangwile aliwapenda kwa hilo. Alisema, wale walichora wasichokielewa, na wakachora vizuri."

Akaula ule mchoro kwa macho muda mrefu, kisha akanigeukia. "Mbona mwembamba, mwanangu? Huko kwenu hawali?"

Subilaga aliinamisha kichwa juu ya sahani. Nikajibu kama vile naulizwa kwa mara ya kwanza.

"Tunakula, Bibi. Ni mwili tu."

Alipomaliza alisukuma sahani, akasema ameshiba, na kabla sijauliza akajibu kwamba anakubali. Nikamuuliza hata hivyo, kwa maneno yote ya sheria, nikamweleza kwamba usiku ule hautabaki kwake. Akakubali tena. Subilaga aliondoa vyombo kwa kelele ambazo vyombo havikuzistahili.

*

Kabla ya kuchota huwa tunaonja. Mchotaji anavaa kofia ya pili na kugusa uzi pembeni, pumzi chache tu, ajue unaanzia wapi na umeshikana na nini. Ukizidisha, unakata. Nilimlaza Bibi kitandani, pazia wazi, jua likiingia. Nikafumba macho nikajiandaa kuona nyota. Sioni haya kusema kwamba moyo ulikuwa unanidunda. Miaka kumi kazini nimechota harusi za watu, mechi za mpira na sauti za watoto wachanga, lakini mbingu bado.

Ikaja baridi, ile ya kweli. Harufu ya sufu yenye unyevu. Uzito wa blanketi kichwani. Penseli katikati ya vidole, vidole vya kijana, vyepesi. Tochi ndogo nyekundu, na duara la mwanga wake kwenye karatasi iliyo gotini.

Nikangoja ainue kichwa. Hakuinua. Huwezi kukiinua kichwa ambacho mwenyewe hakukiinua siku ile.

Halafu ikaja sauti kutoka juu, ya kijana, ya mtu anayejizuia asipige kelele.

"Mkono, uko tayari?"

"Niko tayari," nikasema, yaani akasema yeye.

"Usicheke. Inaanza kama unavyoanza kikapu. Katikati pamebanwa, peupe, kama milulu ya kwanza kabla hujaanza kuzungusha. Sasa msuko mmoja unatoka kulia. Unashuka. Usiukaze, uache ulegee..."

Nikajitoa. Pumzi zangu zilikuwa zimekwisha. Jua lilikuwa pale pale dirishani, na Bibi alikuwa ananitazama kwa furaha ya mtu aliyemwonjesha mgeni pishi lake.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Bibi. Lakini galaksi iko wapi?"

"Aliyeangalia ni yeye. Mimi nilichora." Aliona sura yangu, akakunja uso. "Hamkujua? Tulikwenda wawili wawili. Mmoja Jicho, anapanda ngazi, anaangalia na kusema. Mmoja Mkono, anakaa chini na blanketi kichwani ili tochi yake isimharibie Jicho giza, anachora anachosikia. Na Mkono haruhusiwi kuangalia mpaka mchoro uishe, maana ukishaona utachora unachokitaka. Ukiisha, mnabadilishana. Mkono anapanda kukagua."

"Ukapanda?"

"Nilishika ngazi. Ukungu ukaingia. Unaujua ukungu wa huku? Huujui, ngoja Aprili. Asangwile akaniambia nisijali, kesho nitaiona. Ukungu ukakaa mpaka msimu ukaisha, na Mungu alipoufunua, Dari ilikuwa imefungwa."

Alisema hivyo bila uchungu, akivuta shuka miguuni. Uchungu ulinipata mimi. Katika wote waliosoma vile vitabu, hakuna aliyewahi kumuuliza. Tuliona jina chini ya mchoro tukadhani tunajua.

*

Nilimpigia Nkwabi nikiwa nimesimama kati ya ng'ombe, maana huko ndiko simu inashika.

"Haimo," nikamwambia.

"Haimo vipi?"

"Aliyeiona ni mumewe. Yeye alikuwa chini ya blanketi. Kuna karatasi, penseli na sauti ya marehemu."

Nikamsikia akikohoa. "Basi, funga sanduku urudi," akasema hatimaye, kwa upole. Nkwabi si mtu mbaya. "Siwezi kuwafungulia watoto giza, Somoe. Muache bibi wa watu na mume wake."

Nilishusha pumzi. Tatizo limejitatua lenyewe, nikasema moyoni. Maana kuna jambo Subilaga alikuwa amenieleza pale zizini, kabla simu haijashika, na lilikuwa limenikaa kooni. Babu yake Asangwile aliugua koo miaka mitatu baada ya harusi. Walimponya, lakini sauti haikurudi. Miaka yote iliyobaki, na ilikuwa mingi, aliongea na mkewe kwa chaki na ubao mdogo aliouning'iniza shingoni. Watoto wake hawakumsikia. Wajukuu hawakumsikia.

"Hakuna hata simu moja iliyomrekodi?" nilimuuliza.

"Zilikuwepo. Zimekufa zote. Na hata ingekuwepo, nani anaamini sauti ya simu siku hizi? Mimi mwenyewe naweza kuitengeneza jikoni." Alikuwa anamkamua ng'ombe, hanitazami. "Sauti ya babu iko kwake peke yake, na Bibi mwenyewe ameshaanza kusahau. Umemsikia mezani. Usiku ule ndio haujaguswa. Kila asubuhi ananisimulia, neno kwa neno. Ukiuchukua, atabaki na nani? Na bubu mwenye ubao."

Kwa hiyo nilirudi ndani nikiwa mwepesi. Nikamwambia Bibi kwamba galaksi haimo, mkurugenzi amesema basi, yeye abaki na usiku wake. Nilitegemea afurahi.

"Nani aliyewaambia mimi ninatoa galaksi?" akasema. "Nilipokubali, nilimtoa Asangwile."

"Bibi, watoto wanataka kuona, na mle ni giza tupu."

"Lete ile blanketi ya kitandani."

Nikaileta. Akaniketisha sakafuni, akanitupia blanketi kichwani, akanipenyezea karatasi na penseli. Mimi tangu shule nikichora mbuzi anatoka kiti. Nikamwambia hivyo, akaniambia ninyamaze. Kisha akaanza kusema maneno yale, polepole, na ingawa sauti ilikuwa ya bibi kizee, nafasi kati ya neno na neno hazikuwa zake. Katikati pamebanwa. Msuko mmoja unatoka kulia, unashuka, usiukaze. Wa pili unatoka kushoto, unamfuata mwenzake, haumshiki. Pale nje kabisa ni kama pumzi kwenye kioo, gusa tu na kidole. Nilichora kizani, nikisikiliza kwa masikio, kwa shingo na kwa mgongo. Sijawahi kusikiliza mtu namna ile.

Alipoivuta blanketi, nilikuwa nimechora ule uliokuwa ukutani. Si vizuri kama yeye, mistari ilitetemeka, lakini ilikuwa ni yenyewe. Nilijikuta ninalia, na sikujua ninalilia nini hasa.

"Umeiona?" akauliza Bibi.

"Nimeiona."

"Basi usiniambie habari ya giza."

Nilitoka tena kwa ng'ombe, nikampigia Nkwabi, nikamwambia kitu kimoja tu: wape penseli na blanketi. Nilimweleza. Nkwabi anapofikiri hukohoa, alikohoa sana. Mwisho akasema niamue mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayemtazama huyo bibi usoni, yeye hayupo.

Hapo ndipo jambo lilipokuja kuwa langu. Ningeweza kudanganya. Ningesema uzi umechakaa, hauvutiki, na hakuna ambaye angenibishia. Bibi angeendelea kumsikia mumewe kila asubuhi, labda mwaka, labda mpaka Aprili ya ukungu, neno moja moja likidondoka, mpaka abaki hamkumbuki wala hajui amempoteza, na dunia nayo haijui. Au nimwondolee sasa, yeye akiwa na akili ya kuaga, na sauti ikae nzima kwa watu wasiomjua. Njia zote mbili zilimwacha bibi bila mume wake. Tofauti ni kwamba moja aliichagua mwenyewe.

*

Swali lilikuwa limebadilika, na swali likibadilika shibe inaanza upya. Ndiyo sheria. Subilaga aliijua kuliko nilivyodhani.

"Leo sipiki," akasema asubuhi ya pili, akakaa kwenye kizingiti cha jiko na buti zake.

Sikumlaumu. Ilikuwa ndiyo nguvu pekee aliyokuwa nayo, na alikuwa anaitumia. Tulikaa hivyo, mimi sebuleni, yeye kizingitini, moto haujawashwa. Bibi Twilumba alitoka chumbani, akatutazama wote wawili, akampita mjukuu wake kama anavyopita gogo. Akachukua kisu na kapu la viazi, akaketi, akaanza kumenya kwa vidole vile vilivyopinda.

"Bibi, utajikata."

"Nikijikata nitakula na damu. Nimeshakuwa na njaa."

"Utabaki na nini, Bibi?" Subilaga alikuwa anasema kwa shida. "Niambie wewe mwenyewe. Kesho asubuhi utanisimulia nini?"

Bibi hakuacha kumenya. "Nitakusimulia habari za bubu na ubao wake. Unadhani yule sikumpenda? Alikuwa mcheshi hata kwa chaki. Siku ya ubatizo wa mama yako aliandika neno kanisani, mchungaji akashindwa kumaliza sala." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mama. Juzi nilitafuta neno lililofuata baada ya 'kushoto'. Nikalikosa mpaka jioni. Niliogopa. Miaka yote hii nimemtunza peke yangu kama mchoyo, na sasa mikono yangu inatoboka. Asangwile aliniambia kuna nyota zimekwisha kuzimika zamani na mwanga wake bado uko njiani, unakwenda kwa watu ambao hawajazaliwa. Basi na yeye yuko njiani. Msimkalishe hapa kwa ajili yangu."

Subilaga aliinuka. Alimnyang'anya kisu bibi yake taratibu, akampiga busu kwenye kidole gumba, akawasha moto. Alipika huku analia waziwazi, na alipika vizuri, kwa nyanya na karanga, kama watu wanavyopika mgeni anapoondoka. Tulikula watatu kwenye sahani moja. Bibi akasema ameshiba. Nikauliza. Akajibu.

Kabla sijamfunga kofia alimwomba Subilaga aje karibu, akamsimulia usiku ule mara ya mwisho, tangu sweta la sufu mpaka ukungu. Safari hii hakukosa neno hata moja.

Kuvuta uzi hakuchukui muda. Nilifanya polepole kuliko nilivyowahi kufanya. Chupa ilipojaa ilipata ule ubuluu mwepesi, nikaifunga, nikaikumbatia bila kujua kwamba nimeikumbatia. Bibi alifumbua macho. Akaangaza chumba, akatulia kwenye mchoro ukutani, unaoonekana kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Nani amechora kile?"

Subilaga aligeukia dirisha. Nikasema mimi. "Ni wewe, Bibi."

"Mimi?" Alifikiri. "Nina mkono mzuri," akasema, akalala.

*

Ukumbi wa Nyota ulifunguliwa mwezi wa saba, mchana, shule zikiwa zimefungwa. Wageni waheshimiwa walitarajia kuba lenye mbingu na wakakuta watoto mia mbili wamekaa sakafuni, kila mmoja na kofia nyepesi, penseli, tochi nyekundu na blanketi. Nkwabi alikohoa hotuba nzima. Yule binti wa simu ya mama naye alikuwepo, sasa yuko darasa la tano, amekunja uso kama karani wa mahakama.

Subilaga alikuwa amemleta Bibi kwa gari la maziwa. Kofia hatukumvalisha, kichwa chake kingekataa. Lakini sauti tulikuwa tumeipitisha kwenye spika pia, kwa ajili ya watu wazima wenye mashaka. Bibi alikataa kiti. Alishuka sakafuni kwa kishindo, akataka blanketi na yeye, kisha akaniona nimejikunyata kwa baridi, akanivuta ndani ya ile ya kwake. Nywele zake zilinukia moshi na maziwa.

"Mbona mwembamba, mwanangu?" akaninong'oneza.

Taa zikazimwa. Ukumbi mzima ukawa vilima vidogo vyenye wekundu ndani yake. Halafu sauti ya Asangwile Kyando ikatoka juu, changa, imejaa furaha iliyobanwa.

"Mkono, uko tayari?"

"Niko tayari," wakajibu watoto, mia mbili kwa pamoja, kwa sababu kofia ndizo zilizowafanya wajibu. Bibi alishtuka, akanishika mkono. Kisha akaanza kusikiliza.

Nilimtazama kwa mwanga wa tochi. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso mtupu, na kusema kweli niliuogopa. Haukuwa mtupu. Aliinamisha shingo kidogo upande mmoja, kama binti anayemsikia mtu mlangoni na hataki ajulikane kwamba anasikiliza. Penseli yake ilitua katikati ya karatasi ikabana, kabla sauti haijasema ibane. Msuko wa kulia ukatoka, ukashuka, haukukazwa. Huku na huku watoto walikuwa wanapumua na kukwaruza. Yule binti aliyekunja uso alikuwa ametoa ulimi pembeni ya mdomo, anachora.

"Huyu kijana ana sauti nzuri," Bibi akaninong'oneza. "Ameoa?"

"Ameoa, Bibi."

"Ah." Akachora kidogo. "Bahati ya mwenzangu."

Juu yetu sauti ilikuwa inafika mwisho. Nilijua kinachofuata, maana sote pale kazini tulikijua kwa moyo, na nilitamani kumziba masikio.

"Ukungu huo unaingia," alisema Asangwile. "Usijali, Mkono. Kesho utaiona."

Bibi Twilumba aliinua karatasi yake, akaisogeza kwenye tochi, akaitazama vizuri kutoka katikati hadi ukingoni, pale panapokuwa kama pumzi kwenye kioo.

"Mwambie asihangaike," akasema. "Nimeshaiona."